Mateka Mwenye Kalamu, Mlinzi Asiye na Jina: Kambi za Wafungwa wa Vita Nchini Kenya na Ukimya wa Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtaa wa Ayany ni mmojawapo wa mitaa ya nyumba za kudumu iliyojengwa baada ya uhuru katika eneo la Kibera, Nairobi. Si mbali na hapo, kando ya Barabara ya Ngong, yapo makaburi ya vita yaliyofunguliwa na wakuu wa jeshi mwaka 1941. Mawe ya makaburi hayo yamepangwa kwa safu, na kila jiwe lina jina, cheo na kikosi cha marehemu. Anayeyazuru makaburi hayo kisha akarudi Kibera hakosi kuiona tofauti. Kibera yenyewe ni kijiji kilichozaliwa na jeshi. Wanubi waliotumikia King's African Rifles, yaani KAR, walianza kukaa hapo mwaka 1904, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza ardhi hiyo, ekari 4,197, kuwa eneo la kijeshi. Askari waliofia vitani waliandikiwa mawe. Waliorudi hai na kuzeekea Kibera hawakuandikiwa jiwe wala kitabu.

Makala haya yanahusu sehemu moja ya kazi ya askari hao ambayo haijagusiwa sana katika uhakiki wetu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Kenya ilikuwa nchi ya nyuma ya uwanja wa mapambano, na ndiko walikoletwa makumi ya maelfu ya wanajeshi na watumishi wa Italia waliotekwa Ethiopia, Eritrea na Somalia. Walifungiwa kambini, wakalindwa na askari Waafrika. Mmoja wa mateka hao aliandika kitabu ambacho kingali kinasomwa duniani kote. Katika walinzi wake, hakuna ambaye kumbukumbu yake ya kambi hizo imepata nafasi katika fasihi tunayoifundisha.

Swali letu ni hili: imekuwaje aliyefungwa akazungumza na aliyemfunga akanyamaza? Tutadai kwamba ukimya huu hautokani na ukosefu wa elimu pekee, wala na ukosefu wa karatasi. Unatokana pia na kanuni ambayo fasihi yetu, na uhakiki wetu pamoja nayo, umeifuata bila kuihoji, kwamba haki ya kusimulia kifungo ni ya aliyefungwa. Kanuni hii imetupa kazi bora. Vilevile imetunyima nusu ya habari.

2.0 Kambi na Msamiati Wake

Mapigano ya Afrika ya Mashariki yalikwenda kasi. Majeshi ya Uingereza na makoloni yake yalianza kusonga mbele Januari 1941. Addis Ababa ilitekwa Aprili 6 mwaka huo, Mtawala wa Aosta aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia akasalimu amri Amba Alagi mwezi Mei, na ngome ya mwisho, Gondar, ikaanguka Novemba. Washindi wakajikuta na mateka wengi kuliko walivyoweza kuwaweka Ethiopia. Kambi zikafunguliwa Kenya: Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Naivasha, Londiani, Eldoret na kwingineko, nyingi zikiwa katika nyanda za juu ambako walowezi wa Kizungu walikuwa na mashamba.

Kazi ya mikono ya mateka hao ingalipo. Barabara inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu waliijenga wao, na kando yake kuna kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942. Mtawala wa Aosta alifariki Nairobi akiwa mateka Machi 3, 1942, na mabaki yake yamo katika kanisa la ukumbusho la Waitalia huko Nyeri. Hivyo historia ya mateka hawa imeandikwa kwa mawe na kwa lami, na baadaye kwa wino.

Kabla hatujaendelea, hatuna budi kutofautisha maneno. Kiswahili kina mateka, mfungwa na mahabusu. Mateka ni aliyekamatwa vitani. Neno hili linatokana na kitenzi teka, ambacho hutumika pia kwa kuchota maji kisimani na kwa kupora mali. Mfungwa amepitia hukumu, ilhali mahabusu amewekwa kizuizini akisubiri amri ya mtu. Tofauti hizi zina uzito wa kisheria. Mateka wa Kiitalia walikuwa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1929, uliowapa haki ya chakula, barua na adhabu yenye mpaka. Mahabusu waliofungiwa nchini humu miaka kumi baadaye hawakupewa ulinzi huo. Tutairudia nukta hii katika sehemu ya 5.0.

Neno la nne ni askari. Lina asili ya Kiarabu, na limesambaa katika lugha za wakoloni wote wa eneo hili: Wajerumani walilichukua, Waingereza walilichukua, na Waitalia wakawaita ascari wanajeshi wao wa Eritrea na Somalia. Kwa hiyo Mwitaliano aliyetekwa mwaka 1941 alikuwa analijua neno hili kabla hajafika Kenya. Alilijua kama jina la mtu aliye chini yake. Pale kambini lilikuwa jina la mtu aliyemshikia bunduki.

3.0 Benuzzi: Mateka kama Msimulizi

Kitabu tunachokizungumzia ni cha Felice Benuzzi. Kilitoka kwa Kiitaliano mwaka 1947 kwa jina la Fuga sul Kenya, na kwa Kiingereza mwaka 1952 kwa jina la No Picnic on Mount Kenya. Mwandishi alizaliwa Vienna mwaka 1910, akakulia Trieste, akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia mjini Addis Ababa. Alipofungwa katika Kambi 354 karibu na Nanyuki, aliuona Mlima Kenya asubuhi moja mawingu yalipopasuka, akatia nia ya kuupanda. Januari 1943 yeye, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka. Barsotti aliugua, akabaki kwenye kituo chao cha chini. Benuzzi na Balletto walishindwa kufika kilele cha Batian, wakafika Lenana na kusimika bendera ya Italia. Kisha wakarudi kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha ndani, na mkuu wa kambi akazipunguza kuwa 7, kwa kuwa aliliona tendo lao kuwa la kiungwana na la kimichezo.

Kifani, nguvu ya kitabu iko katika maandalizi zaidi ya upandaji wenyewe. Sehemu kubwa ya usimulizi inahusu jinsi vitu duni vinavyogeuzwa vifaa: nyundo zinakuwa mashoka ya barafu, vyuma chakavu vinakuwa meno ya viatu, na picha ya mlima kwenye kibandiko cha kopo la nyama inakuwa ramani. Ufunguo wa lango unanakiliwa. Adui mkubwa wa msimulizi ni wakati. Siku za kambini hazina mbele wala nyuma, na mtu asiye na kesho hupungua utu wake. Kutoroka ni njia ya kujirudishia kesho, hata ikiwa kesho hiyo itaishia katika chumba kile kile cha kifungo. Ndiyo maana kurudi kwao kwa hiari si kichekesho. Ni sehemu ya hoja: uhuru walioutafuta ulikuwa wa kuamua, wala haukuwa wa kuondoka.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuisoma hadithi hii bila kumkumbuka Fumo Liyongo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anafungwa gerezani, na mama yake anamtuma kijakazi Saada ampelekee chakula. Tupa inafichwa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wanakula chakula kizuri na kumwachia mfungwa makombo wanayoyadharau, na ndani ya makombo hayo ndimo uhuru wake ulimo. Usiku wa ngoma ya gungu, kelele za ala zinaifunika sauti ya tupa inayokata chuma. Mbinu ni ile ile: kitu kinachodharauliwa na mlinzi kinakuwa chombo cha mfungwa. Benuzzi hakumjua Liyongo, na hatuna haja ya kudai athari. Tunachokiona ni muundo unaojirudia katika masimulizi ya kifungo, ambamo akili ya mfungwa hupimwa kwa upofu wa mlinzi wake.

Muundo huu una gharama yake. Ili Liyongo aonekane mwerevu, walinzi hawana budi wawe walafi na wajinga. Hawana jina, wana tumbo tu. Utendi unatuambia walikula nini, hautuambii walifikiri nini walipouona mlango umevunjwa na mtawala akiwasubiri. Hivyo tusifanye haraka kumlaumu Benuzzi kwa dhambi ambayo imo pia katika urithi wetu.

4.0 Mlinzi katika Matini

Katika kitabu cha Benuzzi, askari Mwafrika ni sehemu ya mazingira ya kambi, kama vile uzio na giza. Anahesabiwa katika mpango wa kutoroka: yuko wapi, anatazama upande gani, zamu yake inaisha lini. Hasawiriwi kwa chuki. Mwandishi ana ukarimu wa moyo, na dhihaka yake huanza kwake mwenyewe. Lakini ukarimu huo haumfikishi mlinzi kwenye hadhi ya mhusika. Anabaki kuwa kizuizi cha kukwepwa.

Mhakiki anayefuata nadharia ya Michel Foucault kuhusu gereza angetarajia kwamba mwenye mamlaka ndiye anayetazama na mfungwa ndiye anayetazamwa. Hapa mambo yamepinduka. Mateka ndiye anayemtazama mlinzi siku nzima, anajifunza mwendo wake, anamwandika. Mlinzi anatazama uzio. Sababu si siri. Ingawa bunduki ilikuwa mikononi mwa Mwafrika, daraja za kikoloni hazikufutwa na bunduki hiyo. Mateka alikuwa Mzungu, msomi, mtumishi wa serikali, na mkuu wa kambi alikuwa Mzungu mwenzake. Adhabu iliyopunguzwa kutoka siku 28 hadi 7 ni mazungumzo kati ya waungwana wawili wanaoelewana juu ya maana ya mchezo, na katika mazungumzo hayo askari hana kauli. Matini inatuambia kwa undani waliotoroka walipata nini. Zamu iliyowakosa usiku ule iliulizwa nini, na ikajibu nini, si jambo linaloubeba usimulizi.

Hata mlima unaingia katika mjadala huu. Batian, Nelion na Lenana ni majina ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai, lakini yaliwekwa juu ya vilele na Mwingereza Halford Mackinder aliyefika Batian mwaka 1899. Kwa Wagikuyu mlima huo ni Kirinyaga. Mwitaliano anasimika bendera yake juu ya kilele chenye jina la Mmaasai lililochaguliwa na Mwingereza, katika mlima ambao watu walio chini yake huuelekea wanapoomba. Tendo la Benuzzi ni la kishujaa na lina uzuri wake. Hata hivyo ni mazungumzo ya dola mbili juu ya ardhi ya watu wa tatu, na askari aliyekuwa zamu ni mmoja wa hao watu wa tatu.

5.0 Kwa Nini Fasihi Yetu Imenyamaza?

Jibu la kwanza linalokuja akilini ni kwamba askari hakuwa na elimu. Jibu hili halitoshi. Jeshi la KAR liliendeshwa kwa Kiswahili, hata kikapatikana Kiswahili cha kambini kilichoitwa KiKAR. Gazeti la Baraza lilianza kutoka Nairobi mwaka 1939, na wanajeshi walikuwa na magazeti yao, Askari na Heshima. Kusoma na kuandika barua vilikuwa sehemu ya maisha ya vikosi. Nyimbo za mwendo kama Funga Safari zilivuka kambi hadi mitaani. Sauti ilikuwepo, lakini ilipewa njia zilizochongwa na jeshi lenyewe: gazeti lililochujwa, barua iliyosomwa na afisa, wimbo wa kupigia hatua. Katika njia hizo askari husafiri, hutii na hushinda. Hakuna mahali pa kueleza usiku wa kumlinda mtu ambaye mwaka mmoja nyuma usingethubutu kumwambia simama.

Jibu la pili ni kwamba washairi wetu waliitazama vita kwa mbali. Shaaban Robert aliitungia vita hiyo kazi ndefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, iliyochapishwa mwaka 1967. Ni kazi ya ustahimilivu mkubwa, na upeo wake ni wa dunia nzima: mataifa, viongozi, haki dhidi ya dhuluma. Utendi kama huo hauna budi kuitazama vita kutoka juu. Zamu ya usiku Nanyuki ni ndogo mno kwa darubini hiyo. Hili ni suala la utanzu, wala si kosa la mtunzi.

Jibu la tatu, ambalo ndilo tunaloliona zito zaidi, linahusu kile tulichokiita kanuni ya aliyefungwa. Tazama kazi zilizotokana na kifungo katika eneo letu. Martin Kayamba, Mbondei aliyefungwa na Wajerumani katika Vita vya Kwanza na kufunguliwa Wabelgiji walipoiteka Tabora mwaka 1916, aliandika habari zake katika mkusanyiko wa Margery Perham wa mwaka 1936. Josiah Mwangi Kariuki aliyepitishwa katika kambi 14 kati ya 1953 na 1960 aliandika Mau Mau Detainee mwaka 1963. Gakaara wa Wanjau alichapisha shajara yake ya kizuizini kwa Kigikuyu mwaka 1983. Abdilatif Abdalla aliyefungwa kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi? aliandika gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya juu ya karatasi za chooni huko Kamiti. Huu ni utajiri ambao fasihi chache zinao. Lakini wote hawa ni wafungwa. Kifungo kimewapa wakati, hasira na, zaidi ya yote, uhalali. Anayeteswa hahitaji kuomba ruhusa ya kusema. Mlinzi anahitaji.

Hapa ndipo historia ya baada ya 1945 inapoingia. Aprili 24, 1954 ilianza Operesheni Anvil mjini Nairobi. Maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa na kuchujwa katika kambi ya Lang'ata, jirani na Kibera, kabla ya kupelekwa Manyani na Mackinnon Road. Nchi ambayo miaka michache awali ilikuwa imeweka kambi za maadui wa nje sasa iliweka kambi za wananchi wake. Benuzzi alitoroka na kupewa siku 7. Kule Hola, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa Machi 3, 1959. Tarehe hiyo na ile ya kifo cha Mtawala wa Aosta, Machi 3, 1942, zimekutana kwa bahati tu, na bahati haithibitishi kitu. Lakini mwalimu akiziandika ubaoni pamoja, darasa linaielewa mara moja tofauti kati ya mateka na mahabusu, yaani kati ya mtu aliyewekewa mkataba na mtu asiyewekewa chochote.

Baada ya Hola, nani angesimama Nairobi ya 1963 na kusema kwa fahari kwamba aliwahi kulinda kambi? Swali la msikilizaji lingekuwa: kambi ipi? Mlinzi wa Waitalia mwaka 1943 na mlinzi wa mahabusu mwaka 1954 walivaa sare zinazofanana machoni pa mtoto wa uhuru. Huenda wa kwanza alikuwa na masimulizi ya ajabu, hata ya kuchekesha, juu ya Mzungu anayechonga mawe kwa jua kali. Masimulizi hayo yalizikwa chini ya aibu ya kambi zilizofuata, ambazo pengine hakuwa na sehemu ndani yake. Tunapendekeza kwamba ukimya wa askari wa Vita vya Pili usomwe hivi: ukimya uliosababishwa na kilichotokea baadaye.

6.0 Pingamizi Mbili

Yapo mapingamizi mawili ambayo msomaji makini atayatoa. La kwanza ni kwamba mlinzi amekwisha kuandikwa. Katika A Grain of Wheat (1967) Ngũgĩ anampa Karanja, homugadi, nafsi kamili: hofu, mapenzi, na njia aliyoifuata hadi akauvaa ule mfuko wa kichwani na kuwachongea wenzake. Tunakubali. Karanja ni ushahidi kwamba jambo hili linawezekana, na kwamba kumwelewa mlinzi si kumsamehe. Lakini Karanja anasawiriwa na mwandishi, hasimulii mwenyewe. Tena yumo katika riwaya ya Kiingereza. Riwaya ya Kiswahili iliyoigusa vita hiyo mapema, Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi (1969), ilikuwa na jukumu jingine la haraka zaidi, nalo ni kuwarudishia heshima waliopigania nchi.

Pingamizi la pili ni la kimbinu: kwamba mhakiki hana budi kushughulikia matini zilizopo, na kwamba kuzungumzia kitabu ambacho hakikuandikwa ni kazi ya mwanahistoria. Hoja hii ina nguvu, na tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa hivyo. Lakini uhakiki huchagua pia matini za kusomesha, na uchaguzi huo ndio unaoamua wanafunzi watakwenda kutafuta nini nyanjani. Tumewatuma wakusanye ngano, vitendawili, nyimbo za jando na za unyago. Ni mara ngapi tumewatuma wakusanye masimulizi ya askari? Mjini kati, katika barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue, sanamu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928 zinawakumbuka askari na wapagazi, nazo hazina jina la mtu hata mmoja. Uhakiki unaosubiri matini ijilete wenyewe unakubaliana na sanamu hizo.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kambi za mateka wa Kiitalia nchini Kenya zimeingia katika fasihi ya dunia kupitia kwa mateka, na kwamba Kiswahili, lugha iliyotumika kutoa amri katika jeshi lililozilinda kambi hizo, hakijatoa kazi inayolingana. Tumedai kwamba sababu mojawapo ni kanuni ya fasihi yetu wenyewe ya kumpa aliyefungwa haki pekee ya kusimulia, kanuni iliyotiwa nguvu na uchungu halali wa miaka ya 1952 hadi 1960.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo mawili. Kwanza, kitabu cha Benuzzi kitafsiriwe kwa Kiswahili. Faida ya tafsiri hiyo itakuwa kubwa kuliko kuongeza kitabu kimoja rafuni. Mfasiri atalazimika kulirudisha neno askari katika lugha yake ya kila siku, na hapo halitakuwa tena neno la kigeni linaloongeza ladha ya Afrika. Katika Nairobi ya leo askari ni pia mtu anayelinda lango la nyumba za kupanga, na wengi wa watu hao hurudi asubuhi Kibera na Kawangware. Msomaji wa Ayany atakaposoma kwamba askari alikuwa zamu, atamwona mtu anayemjua, mwenye daftari mezani ambamo huandika majina ya wageni wote wanaoingia na kutoka, isipokuwa lake. Tafsiri itamweka mlinzi mbele ya macho ya msomaji hata pale matini ya asili ilipompita.

Pili, wanafunzi wa shahada za juu wapelekwe Kibera, si kwa ajili ya umaskini wake ambao umekwisha kuandikwa na kupigwa picha kupita kiasi, bali kwa ajili ya kumbukumbu zake. Kijana wa miaka 18 aliyejiunga na jeshi mwaka 1943 angekuwa na umri wa karibu miaka mia leo. Kwa hiyo tumechelewa kuwasikiliza wenyewe, na tuseme hivyo bila kujificha. Lakini watoto na wajukuu wao wapo. Jamii ya Wanubi imekaa Kibera kwa zaidi ya karne moja, na haikupata hati ya pamoja ya ekari 288 za ardhi hiyo hadi mwaka 2017. Jamii iliyolazimika kuthibitisha kwa miaka mingi kiasi hicho kwamba babu zao walikuwa askari haiwezi kukosa masimulizi juu ya uaskari huo. Yapo katika Kinubi na katika Kiswahili, yamekatikakatika, yametiwa chumvi, yamepungua. Ndivyo yalivyokuwa masimulizi ya Liyongo pia kabla Kijumwa hajayatia katika beti.

Lipo jambo moja la kuangaliwa katika kazi hiyo. Mkusanyaji asiende kumtafuta shujaa, wala asiende kumtafuta msaliti. Akienda na mojawapo ya maneno hayo mfukoni, atarudi na kile alichokwenda nacho. Aulize maswali madogo: zamu ilianza saa ngapi, mateka walisema lugha gani, ulipewa chakula gani na wao walipewa gani, ulicheka lini, uliogopa nini. Majibu ya maswali kama hayo ndiyo yaliyokifanya kitabu cha Benuzzi kuwa fasihi badala ya ripoti ya kutoroka. Mlinzi anastahili kuulizwa maswali yale yale, na ikiwa hayupo, aulizwe mwanawe.